Sufuria ya Maji Matupu

Ndani ya sufuria mlikuwa na maji tu. Hakuna samaki, hakuna majani ya muhogo, ile sombe, hata kitunguu cha kudanganyia hakuna. Lakini Pierrette alipuliza moto kama mwenye wageni, akafunika, akafunua, akafunika tena. Kisha akakimbilia ua wa matete na kuita.

"Bana Chabu! Kuya unitilie chumvi!"

"Tena?" sauti ikajibu kutoka upande wa pili. "Mwe bantu! Leo peke yake munakula mara ngapi mu hiyo nyumba?"

Tuelewane. Ufukweni huku Kashikishi, kama kule ng'ambo ya ziwa, Pweto alikozaliwa Pierrette, mzazi aliyetoka kujifungua hatii chumvi kwenye chakula mpaka apone. Akitia, watakaokula watapata kifua, watakohoa mpaka wakonde. Ni kweli? Nani ajaribu! Wengine humtuma mtoto wa nyumbani. Pierrette ana mtoto mmoja tu, Princesse, naye yuko kwenye mkeka, hata mwezi hajatimiza. Mume, Hugues, yuko visiwani anavua. Mama mzazi, ambaye angemkanda kwa maji ya moto na kumkaripia alale, alibaki Pweto. Basi anayetia chumvi ni jirani, Bana Chabu, yaani mama yake Chabu, Mbemba wa hapa mwenye ulimi wa pilipili, anayekausha chisense, vile visamaki vidogo vya ziwa hili. Huja, hutia, huonja, humsema mtu mmoja au wawili, huenda zake.

Akienda tu, Pierrette anabaki na mtoto, na hapo ndipo roho inapomtoka.

Hakai. Asubuhi alifagia ua, akaufagia tena, akafua nepi zilizofuliwa. Anaingia ndani kusikiliza kama mtoto anapumua, anatoka mbio kabla hajamkaribia. Akina mama wa kanisa walipita wakamsifu: "Ona mama wa nguvu! Mutoto juzi tu, na leo eko nafagia!" Ah, watu! Walimsifu mtu anayekimbia nyumba yake mwenyewe.

Bana Chabu aliingia na magamba mikononi, akafunua sufuria. Akaangalia. Akakoroga kwa mwiko, labda kitu kimezama.

"Samaki iko wapi?"

Pierrette akashika ufagio.

"Weka hiyo kitu chini. Nakuuliza, nitie chumvi mu nini?"

"Tia tu, Bana Chabu. Lakini polepole. Usitie haraka."

Bana Chabu alikuwa tayari kucheka. Alipoutazama uso wa mwenzake, kicheko kikamkauka. Akavuta kigoda, akaketi.

"Unaogopa nini?"

"Kisu ya samaki nimeitupa juu ya nyumba." Maneno yalimtoka Pierrette kwa mkupuo. "Nilikuwa naiona mu mukono yangu, na mutoto pale chini. Sikufanya kitu! Jina ya Mungu, sikumugusa. Inakuya tu mu kichwa, nikikaa inakuya, njo maana sikai. Nikibaki peke yangu naye, mi naogopa hii mikono. Usiambie batu, yaya, dada yangu. Batasema niko mulozi. Batamukamata mutoto yangu."

Maji yalichemka. Bana Chabu hakupiga ukelele, wala hakutaja jina la Yesu. Alichota chumvi, akatia kwenye yale maji, akakoroga, akaonja.

"Imekolea," alisema. "Sasa sikiliza. Hii haiko bulozi. Iko magonjwa ya bazazi. Kesho tunaenda kiliniki, mi na weye, tunamwambia nesi yote, hata ya kisu. Peke yako haubaki tena naye, mpaka Hugues arudi, na akirudi pia nitakuwa hapa. Leo ulale."

"Siwezi kulala."

"Basi lala macho wazi."

"Na chisense zako?"

"Ziko na jua. Jua haina kazi na mimi."

Akaingia ndani, akamfunga Princesse mgongoni kwa kitenge chake chenye harufu ya samaki, akatoka naye. Pierrette aliingia, akajilaza mkekani alipotoka mtoto. Miguu haikutulia, ilisugua ukuta. Alikuwa amelitoa neno lake, na sasa neno lilikuwa nje, mgongoni kwa mwanamke anayemsema kila mtu.

Mara akasikia sauti ya mama mmoja wa kwaya uani. "Ee, Bana Chabu! Juu ya nini unabeba mutoto ya mwenzako? Mama yake iko na nini?"

Pierrette aliinuka, akaketi. Alitamani kukimbia, lakini mlango ulikuwa mmoja, na wao walikuwa mbele yake.

"Mama yake amechoka, eko nalala," akajibu Bana Chabu. "Mzazi analala, ama kwenu hawalali? Kama uko na mikono bule, kamata huo ufagio."

Ya kisu hakuyataja. Nyayo za mama wa kwaya zikaondoka.

Pierrette alilia basi, kwa sauti, bila kufunika mdomo. Na mtoto kule nje akaanza kulia naye. Kabla hajajua, Pierrette alikuwa amesimama mlangoni, maziwa yakimlowesha blauzi, mikono ikining'inia, asijue aende au arudi.

Bana Chabu alikuwa ameketi juani kwenye mkeka mwingine, amempakata Princesse. Alimwona. Alisogea tu upande mmoja wa mkeka, akaacha nafasi.