Kwangu Inafanya Kazi

Jana mchana, saa ya chakula, nililalia meza ya ofisi nikaota ndoto ambayo naiandika yote, hata pale inaponiaibisha.

Jina langu Sekela. Naandika programu hapa Mbeya, na meza yangu inatazamana na ya Anyitike. Mkurugenzi alitaka programu ya kusajili wagonjwa kwenye zahanati arobaini, akatuambia kila mmoja atengeneze yake, atachagua moja. Ya Anyitike inaingia kwenye kompyuta kwa amri moja. Yangu ina maelekezo ya hatua arobaini na tatu. Jana asubuhi Anyitike aliondoka kwenda kuijaribu yake kwenye zahanati ya kwanza, amevaa shati lililopigwa pasi, akiniaga kwa tabasamu. Namwonea wivu. Nasema wazi, maana ofisi nzima inajua.

Basi, kwenye ndoto niko chumba cha usaili. Naajiri watakaobeba programu yangu: lugha ya programu, seva ya kuiendesha, hifadhidata ya kutunza taarifa. Anaingia hifadhidata mmoja mdogo, ana kikapu cha kufuma.

"Mimi ni faili moja tu," anasema. "Sitaki chumba changu wala mlinzi. Ukiniweka hapa, nakaa hapa."

Nampenda palepale. Namuuliza kama amewahi kufanya kazi na Anyitike.

"Niko naye tangu Januari."

"Asante kwa kuja," namwambia. "Hatutakuita."

Naajiri wengine sita ambao Anyitike hajawahi kuwagusa. Wa kwanza anadai chumba peke yake. Wa pili haongei na mtu isipokuwa wa tano. Wa tano yuko likizo. Wanapandana mabegani mpaka wanafika dari, na wa juu kabisa ananiambia kwa sauti ya kutetemeka kwamba wako tayari.

Dari inaondoka na sasa ni mapokezi ya zahanati, juu mlimani, baridi kali. Wagonjwa wamejaa kwenye benchi. Mama Subilaga wa mapokezi ameshika maelekezo yangu, miwani iko kwenye ncha ya pua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hapa wameandika kwamba kwa Sekela inafanya kazi. Sekela ndiye wewe?"

"Ndiye mimi."

"Basi kaa hapo usitoke."

Wanaume wanne wanaingia na meza yangu. Wanarudi na kiti changu, kisha na dirisha langu la ofisini. Wanalipachika ukutani, na nje yake naona magari ya Mbeya mjini yameegeshwa. Programu inaangalia huku na huku, inaridhika kwamba iko kwangu, inawaka. Inaandika jina la mgonjwa mmoja, mzee mwenye kikohozi. Halafu inasimama.

"Nataka orodha ya dawa," inasema. "Iko nyumbani kwa Sekela, chumba cha pili, chini ya kitanda."

"Kwa nini iko huko?" anauliza Mama Subilaga.

"Ndivyo nilivyoandikwa."

Inavaa viatu, inatoka kuifuata. Mzee anakohoa. Foleni inasogea nyuma, kila mtu hatua moja.

"Dada," anasema Mama Subilaga, kwa upole ulionichoma kuliko matusi, "zahanati ziko arobaini. Wewe uko wangapi?"

Kabla sijajibu, Anyitike anaingia. Ana sanduku kwapani, dogo kama la viatu. Analiweka mezani na kuliambia neno moja tu: "Amka." Sanduku linajifungua lenyewe. Humo ndani mna lugha yake, hifadhidata yake, saa yake, dirisha lake, na chupa ya chai ili asiombe chochote kwa wenyeji. Wagonjwa wanapiga makofi. Wale sita wangu wanashuka mmoja mmoja kwenda kushangaa. Hata yule wa tano amekatisha likizo.

Wivu unanipanda mpaka masikio yanawaka moto. Anyitike akigeuka kuwasalimia wazee, nafunua sanduku naingia ndani.

Ndani kuna ukumbi mrefu, safi, kila kitu na kibandiko chake. Yule hifadhidata mdogo amekaa mlangoni anafuma.

"Karibu," anasema. "Umekuja kufanya nini?"

"Kuharibu."

"Haya. Lakini humu hakuna kilichozidi. Ukitoa kitu, sanduku zima halifunguki."

Ukutani kuna karatasi yenye majina ya wote wanaohitajika. Sanduku huisoma kila linapoamka, na jina moja likikosekana haliendelei. Natoa kalamu. Naandika mwishoni, kwa herufi kubwa: SEKELA. Ili nalo likwame, wote waone kwamba hata la Anyitike halijitoshi.

Hifadhidata anasogea, anasoma, anarudi kwenye kufuma kwake.

"Umeandika kwa wino," anasema.

"Ndiyo."

"Sawa. Tutakusubiri."

Simu ikaniamsha. Ilikuwa Anyitike.

"Sekela, uko wapi?"

"Ofisini. Vipi huko?"

"Mama wa hapa amebonyeza mara moja, kila kitu kikaingia. Halafu imegoma. Inasema kuna kimoja kinakosekana."

"Kitu gani?"

Nyuma yake nilisikia watu wengi, na mtoto analia.

"Imeandika jina lako."

Nilifurahi. Siwezi kudanganya, nilifurahi kabisa, kama mtu aliyeona jirani yake ameunguza wali. Kisha yule mtoto akalia tena, na furaha ikaniishia.

"Wagonjwa wako wangapi hapo?"

"Benchi limejaa, wengine wako chini. Tangu asubuhi. Sekela, sikukuandika mimi, naapa. Sijui umeingiaje."

"Nifute."

"Nimekufuta mara tatu. Unarudi."

"Basi weka jina lako mahali pangu."

"Nimeweka."

"Ikasemaje?"

Akashusha pumzi. Nikajua amechoka, na kwamba lile tabasamu la asubuhi lilikuwa la mtu mwenye hofu.

"Imesema, 'Huyu tunaye tayari.'"

Nikamwambia awape wagonjwa pole, niko njiani.