Mpira Safi, Mkavu

Barua ya chuo cha uuguzi ilifika saluni kwangu, hapa mjini Khenifra, na kabla Itto hajaifungua tulishakuwa wanawake tisa juu yake, watatu wana hina kichwani. Itto ni msusi wangu. Ana miaka ishirini na tisa, na chuo hakipokei wa thelathini. Akikosa safari hii, ndiyo basi tena. Kemia anaijua vizuri, ila aliisoma kwa Kiarabu, na usaili wa somo hilo ni kwa Kifaransa.

Barua ilimtaka aje na "ballon" safi, kavu. Neno hilo likatushinda sote. Akaitwa Mzee Buazza wa duka la pili, aliyechuma zabibu Ufaransa miaka kumi na mmoja, akasema bila kusita kwamba huo ni mpira wa miguu. Nikamuuliza muuguzi na mpira wapi na wapi. Akanijibu kwamba wagonjwa wa Kizungu hawalali tu kama wa kwetu.

Tukaazima mpira kwa timu ya wauza nyama, tukauosha kwa shampuu mara tatu, Itto akauanika darini, juani, siku mbili.

Nilimsindikiza, nikasimama mlangoni kwenye usaili. Wenzake wote wameshika chupa za kioo, tumbo duara, shingo ndefu. Kumbe ballon ya wanakemia ndiyo hiyo. Itto akatoa mpira kwenye begi. Watu walicheka hadi wengine wakashika meza.

Msaili, Bwana Lamrani, hakucheka. Binti mmoja mwenye miwani alikuwa ametoka kumghania kwa Kifaransa kitamu habari za gesi inayopashwa moto ndani ya ballon iliyozibwa. Alipoulizwa maana yake kwa Kiarabu cha nyumbani, alijibu kwamba maana hawakufundishwa.

"Dada, hii ndiyo ballon yako?" Lamrani akamuuliza Itto, kwa Kiarabu hichohicho.

"Safi na kavu, bwana. Ukitaka, inuse."

Akamuuliza lile swali la gesi. Itto akaupiga mpira kofi. Akasema kule darini mchana ulivimba ukawa mgumu kama tumbo la mwezi wa tisa, jioni ukalegea, na hakuna aliyeujaza wala kuupunguza upepo. Hewa ni ileile, ila chembe zake zikipata joto hukimbia, zikagonga ngozi kwa nguvu zaidi.

Lamrani akakuna kidevu. Akamwambia sheria inataka Kifaransa, japo nusu sentensi. Itto akafumba macho, akakusanya Kifaransa chake chote kilichokuwepo, akasema mpira moto, mpira umekasirika.

Lamrani akaandika kitu, akakifuta, akaandika tena. Akamwambia Itto aende, mpira auache mezani, maana wale wengine atawauliza upya kwa mpira huo.

Siku ya nne majina ya waliopokewa yakabandikwa ukutani. Itto alikuwa wa kumi na saba kati ya ishirini. Alisimama pale akilisoma jina lake hadi mlinzi akamwomba awapishe wenzake.