Sanduku Hufunguliwa na Nahodha

Mchezo ni wangu, nasema bila haya. Ramani nimechora mimi, kisiwa nimekibuni mimi, na kila Jumapili mchana watu wazima na akili zao huacha shughuli zao wakaingia kwenye kundi letu la simu kutafuta hazina isiyokuwepo. Mimi nawaeleza wanachokiona, wao wanaandika wanachokifanya. Fundi bomba ni mganga. Karani mmoja wa benki ni mwizi, na wizi umemkolea mpaka namwonea huruma meneja wake. Wengi hawajawahi kuonana uso kwa uso.

Sheria yangu ni moja: safari ikishaanza, hakibadilishwi kitu. Fundi bomba alipolia nimrudishie dawa alizomwaga mtoni, nilimwambia maji yakimwagika hayazoleki.

Sheria hiyo hiyo ikanifunga. Mwanzoni kabisa nilitangaza kwamba sanduku la hazina litafunguka kwa sauti ya nahodha tu: arekodi amri yake, aitume. Nikajiona nimebuni kitu! Kisha wachezaji wakapiga kura, wakamchagua mdogo wangu. Kwa maandishi hana mpinzani. Kawavusha mapango, kawapatanisha mganga na mwizi. Wasichokijua ni kwamba ana kigugumizi, na tangu alipochekwa shuleni hajamtumia binadamu ujumbe wa sauti. Hata mimi dada yake huniandikia kutoka chumba cha pili.

Jumapili waliyolifikia sanduku nilikuwa kazini saluni, simu mapajani, vidole kwenye nywele za mteja. Mdogo wangu alikuwa chumba cha nyuma akikunja mataulo. Nikamfuata.

"Naibadilisha sheria," nikamwambia. "Wewe andika tu."

Akatikisa kichwa. "Na f-fundi bomba? Dawa zake je?"

"Achana na fundi bomba!"

"Dada, t-toka."

Nikatoka. Mteja, nusu kichwa kimesukwa na nusu kimesimama, akauliza kulikoni. Nikamwambia atulie. Kundini wote wakamngoja nahodha. Yule mwizi akaandika: "Nahodha, umelala?" Nilitamani kumtupa baharini, na uwezo ninao.

Mara ujumbe wa sauti ukaingia. Mrefu. Nikaubonyeza, ukasikika saluni nzima.

"S-s-sanduku," akaanza, akakwama. Nikamsikia akivuta pumzi, akalirudia neno lile lile. Hakulikwepa. "Na-najua nachelewa. Umekaa ch-chini ya mchanga miaka mia. Ut-utanisubiri nimalize." Akakwama tena. "F-f-funguka."

Wallahi! Amri ile sikuiandika mimi. Katika kisiwa changu chote, hakuna nilichobuni kilichoifikia.

Fundi bomba akawa wa kwanza: "Nahodha amesema!" Mwizi akafuata: "Mimi nimeibia watu kisiwa kizima, lakini hili siligusi mpaka nahodha agawe." Nikaandika kwamba sanduku limefunguka.

"Nani huyo?" mteja akauliza.

"Nahodha wangu," nikasema kwa nguvu, ili asikie kule nyuma. "Mdogo wangu, tumbo moja!"

Na yeye, ambaye mbele ya wateja hata salamu huitikia kwa kichwa, akapaza sauti kutoka nyuma, wote wakamsikia:

"M-msuke mteja, dada!"