Kiti cha Kumi na Nne

Jumamosi saa saba na dakika ishirini mchana, Gunnvor Aasheim alichomeka mashine mbili za kahawa, akapanga vikombe sitini na vinne kwenye meza ya mlangoni, akakunja mikono ya sweta. Onyesho lilikuwa la saa nane. Ukumbi wa Klabu ya Jazi ya Tarevika zamani ulikuwa ghala la samaki wa chumvi, na siku za mvua, ambazo ndizo nyingi, kuta bado zilikumbuka.

Gunnvor alikuwa katibu wa klabu kwa mwaka wa ishirini na sita. Ndiye aliyewaandikia wanamuziki barua, akawapokea kwenye kivuko, akawatafutia vitanda kwa majirani, akakata tiketi na kumimina kahawa. Onyesho likianza alifunga mlango wa ukumbi, yeye akabaki nje, ili mlio wa vikombe usiwasumbue waliomo ndani. Kilichomfikia ni mdundo wa besi tu, nao aliusikia kwa nyayo.

Hata hivyo ndiye aliyeandika habari za maonyesho katika gazeti la wilaya, na wapiga saksafoni walizikata habari zake wakazihifadhi kwenye mikoba ya ala zao. Aliandika kwa kuwatazama watu walipokuja kuchukua makoti. Baada ya wimbo mzuri wa taratibu, watu hukosea vifungo. Baada ya mpiga ngoma mwenye majivuno, wanaume huchezea funguo mfukoni na wake zao hutazama saa. Hakuwahi kukosea, au hakuna aliyewahi kumwambia.

Ndani, katika safu ya pili, kulikuwa na kiti nambari kumi na nne. Katiba ya klabu ilikitenga kwa ajili ya katibu, na jina lake lilichongwa kwenye kibao cha shaba mgongoni. Gunnvor hakuwahi kukikalia.

Mwezi wa tisa mwaka huo kiti kilikataa kusogea. Alikuwa anapiga deki, akakisukuma kwa goti kama vingine, kikabaki palepale. Akamwita mwenyekiti, Oddleiv, mstaafu wa kivuko mwenye mabega kama kabati. Oddleiv akamwita Idar, seremala, ambaye naye alikuwa mjumbe wa kamati. Wakakishika wote wawili, wakahesabu hadi tatu, nyuso zikawaiva.

"Mama, umeweka nini humu?" Oddleiv aliuliza, akihema.

"Sijaweka kitu. Hata kukikalia sijakikalia."

"Miaka yote hii?"

"Nitakaaje na nyinyi mnataka kahawa?"

Idar alipiga magoti akachungulia chini ya kiti. Mbao za sakafu zilikuwa zimebonyea kama godoro la mtu mnene. Akainuka, akajipangusa suruali. "Basi ni muziki," alisema. "Haukuwa na wa kumwendea, umekaa hapo."

Jumatatu mhandisi wa halmashauri alifika na kipimo chake. Akaandika kwenye fomu kwamba kiti kina uzito wa ng'ombe wawili wa maziwa. Alisema amewahi kuona jambo kama hilo kanisani, huko kaskazini, kwenye kiti cha mke wa mpiga kinanda. Tiba zilikuwa mbili. Ya kwanza, mwenye kiti akikalie, ausikilize muziki wote hadi uishe, nao ukishasikika huondoka wenyewe. Ya pili, isimamishwe nguzo chini ya sakafu. Akakubali kipande cha mkate bapa wa wafeli chenye jibini la kahawia, akaenda zake.

Kamati ilikutana Alhamisi alasiri. Walikuwa wanne: Oddleiv, Idar, Gunnvor aliyeandika muhtasari, na Synne, mwalimu wa chekechea mpiga tromboni, ambaye aliingia kwenye kamati majira ya kuchipua kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka. Synne alikuwa ananyonyesha. Mwanawe, Tiril, alikuwa na miezi mitano, na alihudhuria vikao vyote.

"Ya kwanza haihitaji hata msumari mmoja," alisema Synne. "Gunnvor akae. Tumemaliza."

"Akikaa yeye, mlangoni nani?" aliuliza Oddleiv.

Synne alimhamishia Tiril bega la pili.

"Mimi."

"Wewe una mtoto."

"Kwani mtoto anakula tiketi?"

Idar alicheka, kisha akaona Oddleiv hacheki, akaacha.

"Synne, bibie, sikiliza," Oddleiv alisema kwa upole. "Mlango ule si tiketi tu. Mzee Torgils asipopewa kikombe kabla hajavua koti, anageuka anarudi kwake. Mjane wa mwalimu hataki kukaa karibu na besi. Hayo yote anayajua Gunnvor. Wewe utachukua miaka kumi kuyajua."

"Basi nianze leo, hata hiyo kumi ikiisha nitakuwa na nusu ya umri wako."

"Halafu sisi tunaopiga tutaandikwa na nani gazetini?"

"Ataandika yeye. Safari hii atakuwa amesikia."

"Hapana," alisema Oddleiv, na hakusema kwa ubaya. "Anavyoandika sasa ni vizuri."

Wakapiga kura juu ya nguzo. Gunnvor aliona mikono miwili juu na mmoja umeshika mtoto. Akauinua wake, ili muhtasari uwe mfupi.

Synne alimfuata hadi kwenye baiskeli. Hapo akamwambia, "Jumanne asubuhi nakuja kwako na ufunguo. Usiniletee kisingizio cha mkutano, kalenda yako nimeiona."

Jumanne ukumbi ulikuwa mtupu na baridi. Synne alimnyang'anya Gunnvor simu, akampa blanketi la Tiril afunike magoti. Gunnvor akasimama mbele ya kiti kama mgeni anayengoja kukaribishwa.

"Kaa, mama wee. Hakiumi."

Akakaa.

Muziki ulianza tangu mwanzo, kwa mpangilio, kama faili zilizotunzwa vizuri. Lilikuwa onyesho la kwanza kabisa aliloliandaa, la piano, besi na ngoma. Alimsikia mpiga ngoma akipotea katika wimbo wa pili na kurudi kwa kubahatisha. Gunnvor alicheka, kwa maana katika gazeti alikuwa amemfananisha na mvua isiyobadili mwendo. Alisikia kikohozi cha marehemu mumewe kutoka safu ya nyuma, mara mbili, na alijua ni chake.

Kisha mpiga piano, ambaye naye alishafariki, akasema kwenye kipaza sauti: "Huu unaofuata ni wa yule dada aliyetutoa kivukoni kwenye mvua, akatupa soksi kavu. Yuko wapi? Nje? Haya, mtu amwambie."

Wimbo ukapigwa. Ulikuwa mfupi, wa taratibu, na katikati piano ilinyamaza ikaiachia besi nafasi, kama mtu anayemfungulia mwenzake mlango. Tiril aliacha kunyonya akageuza kichwa. Synne hakusikia kitu, lakini aliona jinsi Gunnvor alivyoshika blanketi.

"Hawakuniambia," alisema Gunnvor wimbo ulipokwisha.

"Nani?"

"Hakuna hata mmoja. Walipotoka waliuliza kama kahawa ipo."

Simu ililia. Synne akaiacha. Ikalia tena. Mara ya tatu akaipokea, akasema, "Hayupo," kisha, "Nimesema hayupo, Oddleiv, umwulize nani?" Sauti ilisikika hadi safu ya pili: mbao zinafika saa sita, na orodha ya watu wa msaragambo, wale wa kujitolea kusimamisha nguzo, haionekani.

"Iko kwenye droo ya chini," alisema Gunnvor.

"Usiinuke."

"Ila nusu yao bado sijawapigia." Alikuwa ameshainuka.

Alikuwa amesikiliza dakika kumi na tisa. Synne alijaribu kukisogeza kiti kwa mkono wake mmoja ulio huru, na kwa jinsi alivyoweza kukadiria, kilikuwa kimepungua uzito wa pakiti moja ya kahawa. Wiki hiyo gazeti la wilaya lilichapa, chini ya ratiba ya kivuko, sahihisho la maneno machache juu ya mpiga ngoma aliyepita Tarevika miaka ishirini na mitano iliyopita. Hakuna aliyelalamika.

Nguzo ilisimamishwa Jumamosi. Walikuja watu kumi na wanane, kila mmoja na glavu zake. Gunnvor aliwagawia kazi na kukaanga wafeli, na Oddleiv alimsifu mbele ya wote kwamba bila yeye hata nguzo isingesimama. Synne alifika Jumanne iliyofuata, na nyingine baada ya hiyo. Kila mara walipata dakika kadhaa kabla ya simu. Kila Jumamosi onyesho jipya likaja kukaa juu ya yale ya zamani.

Mkutano mkuu wa mwaka ulifanyika mwezi wa pili. Uchaguzi wa katibu ulipofika, Gunnvor alikuwa jikoni anaosha vikombe. Alichaguliwa kwa kauli moja. Wanachama walisimama wakapiga makofi, marefu, yenye upendo wa kweli, na baadhi yao walipangusa macho. Makofi yalipokwisha, kitu kililia chini ya sakafu. Idar akashuka na tochi, akarudi.

"Inashika," alisema. "Ila kufikia vuli tutahitaji ya pili."

Oddleiv akaomba jambo hilo liingie kwenye muhtasari. Wakamtuma Synne jikoni kumwita katibu.

"Yalikuwa yako hayo makofi," Synne alimwambia, akimsubiri akaushe mikono.

"Marefu?"

"Marefu sana."

"Basi yatangoja zamu yake. Tumefika onyesho la nne tu."

Akaingia, akaketi kwenye kona ya meza, akafungua daftari. Akaandika kwa mwandiko wake mzuri: nguzo ya pili, msaragambo wa mwezi wa tano, mratibu Gunnvor Aasheim. Kisha akainua uso na kuuliza kama kuna jambo jingine, na halikuwapo.