Prosesa ya Mkuu

Kompyuta zote thelathini za kaka ziliikataa programu ambayo kampuni yetu iliiuzia shule. Ukiifungua, inakufa, na kioo kinaandika: amri haijulikani.

"Maiti zilizopakwa poda," alisema Mkuu, bosi wangu, na mwalimu mkuu wa shule akacheka. Kaka hakucheka. Mashine hizo kuukuu alizitengeneza mwaka mzima chumbani kwetu, mama akiruka nyaya kwenda jikoni. Zikifaa, shule ingemwajiri awe fundi wake. Zisipofaa, zingetupwa, naye arudi nyumbani kukaa.

Niliomba nusu saa. Kwenye kompyuta mpya ya Mkuu, tunayojengea programu, nilifungua mipangilio ya kompaila, ile inayogeuza msimbo wetu kuwa amri za mashine. Kompaila isipoambiwa inajenga kwa ajili ya prosesa ipi, yaani ubongo upi wa kompyuta, hufuata chaguo-msingi. Letu lilikuwa limebadilishwa: tumia prosesa ya kompyuta hii. Kwa hiyo mashine za kaka zilikuwa zinapewa amri zilizobuniwa miaka mingi baada yazo. Rekodi ilionyesha aliyebadilisha. Mkuu.

Nilichagua prosesa ya zamani. Mpangilio wa kasi niliuacha uipendelee ile mpya, maana huo hupanga mwendo tu, hauongezi amri. Nikajenga upya, nikajaribu kwenye mashine moja ya kaka. Ikafunguka bila kusita.

Mkuu alikuwa amesimama nyuma yangu. "Hongera, binti."

"Nimwite mwalimu mkuu?"

"Wa nini? Ameshasaini kuchukua kompyuta mpya. Kutoka kwetu."

"Lakini hizi ni nzima, bosi."

"Kwani kuna mtu kakuuliza?" Alivuta kiti, akaketi karibu yangu kama mjomba. "Barua yako ya ajira bado haina sahihi yangu. Rudisha mpangilio ulivyokuwa. Halafu kamwambie kaka yako mashine zake hazifai. Wewe ni damu yake, akisikia kwako hataumia sana."

Nilihitimu chuo nikiamini kwamba ukweli, ukishaonekana, unajitetea wenyewe.

Nikaurudisha mpangilio.

Kaka alikuwa koridoni, akifuta kibodi kwa fulana yake. "Enhe, mdogo wangu. Umelipata kosa?"

"Programu haina kosa, kaka."

Aliigeuza mikono yake, akaitazama viganjani. "Basi ni hii."

Akaingia kwenye chumba zilimopangwa mashine zake, akaanza kuchomoa nyaya, moja moja, akizikunja taratibu zisikatike.