Kidole Kwenye Jalada

Mimi ni mpiga besi wa bendi ya roki inayopendwa mno, ila mimi mwenyewe hakuna anayenijua. Mashabiki hunikabidhi simu niwapige picha na mwimbaji wetu. Hayo nimeyazoea. Kilichokuwa kikiniuma ni mama yangu mzazi. Kila nikienda kumwona: "Hivi kweli upo kwenye hiyo bendi, au unawabebea spika?"

Basi mke wangu, ambaye ni mchoraji, alipopewa kazi ya jalada la albamu yetu mpya, nikajua siku yangu imefika. Nikampigia mama simu. "Safari hii utaniona, uso mzima!"

Mchoro wa kwanza ulinitoa vizuri hadi nikajipenda. Halafu wenzangu wakaanza kuja pale sebuleni mke wangu anapochorea, mmoja mmoja, kimyakimya. Mpiga gitaa akaomba aongezewe nywele, maana za kwake zinamkimbia. Zikaongezwa, zikala bega langu. Mpiga dramu akataka dramu ziwe kubwa zaidi. Tumbo langu likaenda, nalo sikulililia sana. Mwimbaji, kwa madaha yake, akataka atanuliwe mikono aonekane anaikumbatia dunia. Mke wangu akaitanua.

Jalada lilipotoka kupigwa chapa nikalitazama, nikaligeuza, nikalitazama tena. "Mke wangu, mimi niko wapi?"

Akatumbua macho. "Jamani! Si uko... hapa?" Akaonyesha chini ya kwapa la mwimbaji. Kidole. Kidole kimoja tu, juu ya uzi wa besi.

"Kimetoka vizuri," nikamwambia. Niliumia, sitaki kuficha. Yeye akacheka mpaka machozi, kisha machozi yakawa ya kweli, ikabidi mimi niliyefutwa nimbembeleze.

Tukampelekea mama. Njiani nilishaandaa uongo wangu, kwamba siku ya kuchorwa nilikuwa naumwa. Mama akavaa miwani, akasogea dirishani. Akapita nywele, akapita dramu, akafika kwapani, akasimama hapo.

"Huyu hapa!"

Kidole kile kilibanwa na mlango wa kabati nikiwa mdogo, kikapona kimepinda. Yeye ndiye aliyekuwa akikifunga kitambaa, na mke wangu alikichora na pinda lake.

Mama akakipapasa pale pale kwenye karatasi. "Mwanangu huyu. Sasa hawa wengine waliomziba ni akina nani?"