Kwenda Kuiona Sumba

Dereva wa lori akipewa likizo hulala. Hiyo ndiyo iliyokuwa mipango yangu Aprili ya mwaka 1974: wiki mbili nyumbani Malaba, kitandani, mbali na usukani. Wenye pesa zao walikuwa wakienda Mombasa likizo kutazama kisiwa. Mimi kisiwa hicho nimekiingia na mizigo mara nyingi, na nilichokiona zaidi ni mgongo wa lori lililo mbele yangu.

Mke wangu Gaudencia hakuniacha nilale hata siku tatu. Mama yake, mjane aliyeishi peke yake Chakol, alikuwa akipoteza macho. Kila Gaudencia alipomtembelea alirudi na kisa kipya. Mara mama amemimina chai kando ya kikombe, akasema kikombe ndicho kilichosogea. Mara amemkaripia mbuzi wa jirani akidhani ni mjukuu. Ulikuwa ugonjwa wa mtoto wa jicho, macho yote mawili, na daktari wa kuuondoa alikuwa anakuja hospitali ya misheni mwezi wa Mei, kwa siku mbili tu, halafu basi hadi mwaka mwingine.

Mama hakutaka. Sokoni walimwambia kwamba daktari hulitoa jicho, akaliosha kwenye beseni, na akiwa na haraka hulirudisha kinyumenyume. Gaudencia alibembeleza, akalia, akaleta hadi katekista. Mwishowe mama akatoa sharti lake. Alizaliwa Sumba, kisiwa cha ziwani, akaolewa huku bara akiwa msichana, na tangu siku hiyo hakukiona tena kisiwa chao. Apelekwe Port Victoria, asimame ufukweni. Akiiona Sumba, macho yake ni mazima na asisumbuliwe tena. Asipoiona, ataenda kwa daktari.

Nilijua nani ataendesha gari. Nikaazima Pijo ya rafiki yangu anayetoa mizigo forodhani, nikaiosha, na hapo ndipo ugumu wenyewe ulipoanza. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawakai pamoja. Hampi mkono, hali naye, hamtazami usoni, wala hawaongei hivi hivi kama watu waliokutana kisimani. Jina lake ni Nerima, nalitaja hapa kwa sababu naandika. Mdomoni mwangu halijapita hata siku moja. Sasa nimchukue ndani ya gari moja saa tatu nzima?

Gaudencia alipata dawa. Yeye alikaa mbele kando yangu, na mama nyuma ya kiti changu, leso kichwani. Mimi nilikigeuza kioo cha ndani kikatazama paa. Na mama alipotaka kusema nami alisema na binti yake.

"Gaudencia, mwambie dereva apunguze."

Dereva ni mimi. Miaka tisa ya ndoa, watoto wanne, na bado ni dereva. Nilipunguza.

Lakini sitasema uongo, safari ilinipendeza. Nilikuwa sijawahi kuendesha gari bila mzigo na bila mtu anayenisubiri kwa hasira upande wa pili. Tuliipita Busia asubuhi, wachuuzi wa Uganda wakipanga ndizi zao, na mvua ikatukuta Matayos. Ilianza kwa manyunyu, halafu ikamwagika kweli. Muhogo ulikuwa umeinama shambani, udongo mwekundu ukitiririka pembeni mwa barabara, na vilima vya Samia vikaja na mawe yao makubwa yakimetameta kwa maji. Gaudencia alimsimulia mama kila kitu. Mama alifungua dirisha kidogo, akanusa, akasema hapa wameanika omena, vile vidagaa vya ziwani, wakasahau kuanua. Tukacheka sote watatu, mimi nikicheka na kioo cha mbele.

Kadiri tulivyokaribia ziwa ndivyo nilivyouinamia usukani. Mbele hapakuwa na kilima wala mti, weupe tu.

Tulifika ufukweni Port Victoria kama saa tano. Nikasimamisha gari likilitazama ziwa, wipa zikifanya kazi bure. Mitumbwi ya karibu ilionekana nusu. Zaidi ya hapo hapakuwa na ziwa, hapakuwa na kisiwa, hapakuwa na kitu. Mvua ilikuwa imefunika dunia yote.

Nilimtazama Gaudencia. Alikuwa amekwisha kuamua.

"Ile pale, mama," alisema. "Imesimama wazi. Huioni?"

Nyuma nilisikia mkono ukipangusa kioo cha dirisha, ukapangusa tena.

"Mvua haijaizuia?"

"Hapana, mama. Hata miti inaonekana."

Mkono ukaacha kupangusa. Nilimfahamu mke wangu na sikumlaumu. Hapendi uongo, ila anampenda mama yake, na macho yale hayakuwa na mwaka wa kupoteza. Mama hakuiona, kwa hiyo sharti lilikuwa limetimia. Kilichobaki ni mimi kuwasha gari na kufunga mdomo, kazi ambayo mila ilinipa miaka tisa iliyopita.

"Dereva," mama alisema. Hakumwita Gaudencia kwanza. "Wewe unaiona?"

Gaudencia alinibana goti. Nilishika usukani nikatazama mbele kule kweupe. Nikisema naiona, mama ataenda hospitali. Ataenda akiamini kwamba siku ile aliyorudi kwao, kwao palikuwepo mbele yake na yeye hakupaona, kama vile hakuwepo. Na nikisema siioni, tumepoteza petroli na daktari pia. Nilikasirika. Niliwakasirikia wote wawili kwa kuniweka hapo kati.

"Sioni kitu, mama," nikasema. "Ni mvua tu. Hakuna mtu anaweza kuona leo."

Goti langu likaachiliwa. Gaudencia aligeukia dirisha lake akilia, na nilijua kwamba machozi yale yatanidai kwa muda mrefu. Nyuma, mama alishusha pumzi ndefu, kisha akacheka kidogo.

"Nilidhani nimeshaisha," alisema.

Hatukushuka. Tulikula mayai ya kuchemsha mle garini, mimi nikiwa nimegeuza uso mlangoni kama mtoto aliyeadhibiwa, halafu tukaanza kurudi. Gaudencia alikuwa bado amenigeuzia mgongo. Nilipanda kilima kwa gia ya pili, nikihesabu makosa yangu, nikimwona mama akipapasa ukuta wa nyumba yake Chakol mwaka ujao, na mwaka unaofuata. Mkweli gani huyu anayemwacha mtu gizani?

"Dereva," sauti ikatoka nyuma. "Hiyo maneno ya beseni. Ni ukweli?"

"Ni uongo, mama. Nilienda nikamuuliza nesi mwenyewe. Jicho haitolewi. Wanatoa tu ile ukungu."

"Inauma?"

Ningeweza kusema hapana. "Inauma kidogo. Na utafungwa kitambaa siku kadhaa."

Tulikuwa karibu kufika juu, na mvua ikaanza kukatika, jinsi mvua ya ziwani inavyokatika, ghafla. Mwanga uliingia garini. Kwenye kioo cha pembeni nikaona maji yakimeta, na katikati ya maji nundu ya kijani. Gaudencia naye aliona.

"Simama!" alisema. "Mama, geuka! Geuka uangalie!"

Nilisimama. Hapo ndipo mtihani wa kweli ulipokuwa, bila mvua na bila sisi. Nilisubiri kusikia kiti kikilia mama akigeuka, lakini hakikulia.

"Dereva, iko?"

"Iko, mama. Kijani yote."

"Na mwamba upande wa jua linapotoka?"

Nilishuka garini, nikasimama matopeni, nikatazama vizuri kabla ya kujibu. Upande ule palikuwa na mwamba kando ya maji, mweupe kwa ndege. Nikarudi kuketi.

"Uko. Ndege wamekaa juu yake."

Nilisikia leso ikivutwa kichwani, ikafungwa upya, polepole, mkono ukiwa hauna haraka. Gaudencia alikuwa ameshika mdomo wake.

"Basi haiendi mahali," mama alisema. "Wakinifungua hiyo kitambaa, utanileta nije niione vizuri. Dereva, twende."